Ukanda wa Kushoto

Dell Haskett hakubisha hodi. Alisukuma mlango wa kibanda kwa goti, akaingia na tandiko begani, akalibwaga juu ya meza ya kazi kwa kishindo kilichorusha sindano, nyuzi na kikombe cha kahawa hadi sakafuni. Kikombe kilivunjika. Wilda Pruitt alivitazama vipande, kisha akamtazama mkwewe, akaona mishono saba juu ya jicho la kulia na mguu mmoja unaoburutwa.

"Uso umefanya nini?"

"Achana na uso, mama mkwe. Angalia ngozi."

Wilda alikuwa anajua tayari. Jumatatu asubuhi Dell alisimama zizini mbele ya wanaume kumi na mmoja walio chini yake, akatia mguu wa kushoto kwenye kikuku cha tandiko, akajiinua, na ukanda unaoshikilia kikuku ukakatika. Alianguka chini ya tumbo la farasi, na farasi akamkanyaga paja na kuichana ngozi ya tandiko kwa kwato. Wanaume walicheka. Kisha Dell aliinuka, akachomoa mnyororo wa lango, akampiga yule farasi hadi akapiga magoti, na hakuna aliyecheka tena. Kabla ya saa sita mchana duka zima la chakula cha mifugo lilikuwa na habari hizo. Kwenye bonde lile, maili sabini kutoka Winnemucca, nyumba ni chache lakini midomo haina umbali.

"Nataka ukanda mpya upande wa kushoto, na bawa jipya la kukinga mguu," alisema Dell. "Jumamosi alfajiri tunaanza kukusanya ng'ombe mlimani. Uwe tayari."

"Kanda hubadilishwa mbili, Dell. Mpya huvutika ukarefuka, wa zamani haurefuki tena. Utakaa upande kama mlevi."

"Nimesema mmoja. Na uwe mweusi kama tandiko lenyewe. Sitaki mtu yeyote aone."

Hapo alikuwa na hoja yake. Ngozi mpya ina rangi ya mkate ambao haujaiva, na tandiko lake lilikuwa limeiva kwa miaka ishirini ya jasho, mvua na moshi. Kila mpanda farasi wa bonde lile angeliona lile bawa jeupe kutoka ng'ambo ya mto na kuuliza nani alimwangusha, na Dell, msimamizi wa wengine, angelazimika kujibu kila siku mpaka theluji ianguke. Kuna wanaume wanaoweza kuchekwa na kesho yake wakanywa kahawa. Huyu hakuwa mmoja wao.

Akatupa gunia juu ya tandiko. "Vipande vya zamani vimo humo, jamaa waliviokota nikiwa nashonwa. Usivitupe. Ni wewe ulilitengeneza tandiko hili mwezi wa nne, na nataka kuona mwenyewe kwa nini lilinitupa. Kama ni kazi yako mbovu, tutaongea."

Aliondoka bila kufunga mlango.

Wilda alikuwa na miaka sitini na tatu. Marehemu mumewe ndiye aliyekuwa fundi mwenye jina lake ubaoni, yeye akiwa wa kushona na kukata. Mume alipokufa, ubao ulibaki na kazi ikabaki. Alifungua gunia, akatoa kipande cha ukanda kilichojaa matope na mavi ya farasi, akakiosha kwa kitambaa chenye maji. Akakipeleka dirishani.

Robo tatu ya upana wake ilikuwa imekatwa. Haikuchanika wala kuoza. Mkato ulikuwa umenyooka, safi, na ndani yake ngozi ilikuwa na weupe wa mfupa. Robo ya mwisho tu ndiyo iliyochanika, pale uzito wa Dell ulipomalizia kazi. Aliyekata alinyanyua kiti cha tandiko, akakata kule juu ambako jicho la mtu halifiki, kwa kisu kilichonolewa kwa mafuta, kwa mkono usiotetemeka. Wilda aliujua mkono huo. Yeye ndiye aliyeufundisha, binti yake akiwa na miaka tisa, amesimama juu ya kreti mbele ya meza hii hii.

Akakaa chini, karibu na vipande vya kikombe.

Lorna alikuwa mtoto wake wa pekee. Miaka saba ya ndoa, na miaka sita kati ya hiyo Wilda aliona: mkono uliofungwa ubao, jino lililotoka, shati la mikono mirefu mwezi wa saba. Aliona akajitia hamnazo. Alijiambia kwamba ndoa ni ya wawili, kwamba hata marehemu baba yake Lorna alikuwa na siku zake mbaya, na maneno mengine ambayo mtu hujiambia ili apate usingizi. Sasa ameshika mkononi kitu ambacho Dell akikiona, Lorna hatafika Jumapili. Wala hakulipamba hilo moyoni kwa maneno laini. Atamuua.

Basi hilo lilikuwa na maana moja tu. Kufikia Jumamosi ilimpasa kuifanya ngozi mpya ionekane ya zamani, na mkato mpya uonekane uchakavu wa miaka.

*

Jumatano alianza na mpya. Alikata ukanda, akauloweka ndani ya beseni hadi viputo vikaisha, akauning'iniza kwenye boriti na kuufunga chuma cha plau chini yake unyooke. Ukiwa bado na maji aliusokota nusu mzunguko juu ya kikuku, akaufunga kwa kamba, ili kikuku kitazame mbele na kiusubiri mguu wa mpandaji. Asiyefundisha ngozi mapema huachia farasi kazi hiyo, na farasi hufundisha kwa kumburuta mtu.

Mchana alilaza bawa kwenye ukingo wa meza akaanza kulilainisha. Alilikunja, akalikunjua, akalikunja tena upande wa pili, akalipiga kwa nyundo ya mti. Ngozi mpya ina kiburi. Hailegei kwa kubembelezwa. Alipiga mpaka jasho likamwingia machoni, na kila pigo alilitolea mlio kooni, na baada ya muda hakuwa akipiga ngozi tena. Alipiga taya. Alipiga magoti. Alipiga mkono uliochomoa mnyororo. Alipoacha, meza ilikuwa imesogea hatua nzima kutoka ukutani, naye alikuwa akilia kwa hasira, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya mazishi ya mumewe.

Akapaka mafuta ya kwato za ng'ombe kwa kitambaa, mafuta membamba tu, kwa sababu ngozi iliyoshiba mafuta hulegea kama utumbo. Akapandisha bawa na ukanda juu ya bati la paa, jua livipike.

Lorna alifika saa nane kwa pikapu ya shamba, akisema amerudisha sahani ya keki. Jicho lake la kushoto lilikuwa limefumba kabisa, limevimba na kuiva kama zambarau. Alishuka ubavu ubavu, mkono ukishika mbavu.

"Keti," alisema Wilda.

"Siwezi kukaa, mama. Anasoma maili kwenye dashibodi. Nimepewa dakika ishirini."

"Ni ya Jumatatu hiyo?"

"Alimaliza kwa farasi akaja kwangu. Nilikuwa nimecheka, eti. Wala sikucheka. Nilikuwa jikoni."

Wilda alikitoa kipande cha ukanda chini ya meza, akakiweka katikati yao. Lorna alikitazama kwa jicho moja. Hakuuliza ni nini.

"Kisu cha baba," alisema. "Kile cha nusu mwezi. Nilikiazima nikakirudisha, hata hukujua."

"Kwa nini kushoto?"

"Mama."

"Nakuuliza. Mtu hupandia kushoto. Uzito wote uko pale mara moja, farasi akiwa amesimama. Angeanguka zizini, na ndivyo alivyoanguka. Ungekata wa kulia, ungeshika mpaka mlimani, farasi akiwa mbioni. Nilikufundisha. Ulikosea upande?"

Lorna alikuwa akisugua kidole juu ya mkato kama mtu anayepima ubora wa kazi.

"Sikukosea," alisema. "Nilishika wa kulia kwanza. Nilikaa nao magotini nusu saa. Halafu nikataka tu aanguke. Mara moja, mbele yao, aone ilivyo." Alicheka kidogo, akajishika mbavu. "Mjinga mimi, ee?"

"Nenda Winnemucca. Leo. Usirudi kule."

"Kwa gari hili? Mafuta aliyoniwekea ni ya kuja hapa na kurudi tu, na usiku analala na funguo mfukoni. Na akinifuata? Kaka yake ni msaidizi wa sherifu, unadhani watamshika nani? Acha, mama. Umekaa kimya miaka yote hii, usianze leo nikiwa na dakika kumi na mbili."

Neno hilo lilimpata Wilda mahali pake hasa.

"Atataka kukiona hiki kipande," alisema.

"Kitupe."

"Akikikosa atajua. Niachie mimi."

Lorna alimbusu kwenye paji la uso haraka haraka, akapanda gari. Aliendesha huku amejikunja juu ya usukani.

*

Ijumaa rangi ilikuwa imefika kwenye kahawia ya chai kali, lakini tandiko lilikuwa jeusi. Jua lingehitaji wiki nne na Wilda alikuwa na siku moja. Akateremsha chupa ya siki yenye misumari iliyooza kwa kutu, kimiminika cha mafundi wa zamani. Ukikipaka ngozi, haikupi rangi ya juu juu, huigeuza yenyewe. Alipaka bawa, akapaka ukanda, na weusi ukapanda mbele ya macho yake kama mtu anayekasirika. Akaosha kwa maji ya magadi, akapaka mafuta tena. Alipolishikilia bawa jipya mbele ya dirisha pamoja na la upande wa kulia, hata yeye alilazimika kugeuza nyuma ili ajue lipi ni lipi.

Kisha akakishika kile kipande. Alikwangua mkato kwa brashi ya waya hadi nyuzi za ngozi zikasimama na kuparaganyika. Aliukunja na kuukunjua mara mia. Akausugua kwa vumbi, kwa mavi, kwa jasho la shingo yake mwenyewe. Mstari ulionyooka ulipotea. Sasa paliparaganyika kama pameliwa na miaka. Lakini weupe wa ndani haukukubali. Kila alipokunja, ulichungulia. Kitambaa chenye siki kilikuwa pale pale mkononi pake, bado kibichi, na miaka arobaini ya kazi ilimsukuma mkono kabla hajafikiri. Alipaka. Weupe ukafa.

Kazi nzuri sana, alijiambia. Akaenda kulala akiwa na matumaini.

*

Dell alikuja jua likiwa linagusa ncha za vilima. Nje kulikuwa na baridi ya kutoa moshi mdomoni, na aliiacha injini ya pikapu ikinguruma kama kila mtu wa huko anavyofanya. Nyuma kulikuwa na tela, na ndani ya tela yule farasi mwekundu, Jasper. Lorna alikuwa kwenye kiti cha abiria. Tangu Jumatatu hakuachwa peke yake muda mrefu.

Dell alilizunguka tandiko polepole. Akabonyeza bawa, akavuta kikuku, akaona kinarudi na kutazama mbele.

"Haya," alisema. "Hii ni kazi. Wewe ni mchawi, mama mkwe."

"Chukua uende."

"Kipande changu."

Wilda alimpa. Dell alikipeleka mlangoni penye mwanga, akakigeuza, akakikunja. Uso wa Dell ulilegea.

"Kimechakaa tu," alisema, nusu akicheka. "Ngozi ya ng'ombe dhaifu."

Kisha akafanya lile alilolisisitiza tangu mwanzo. Akaja kulinganisha. Aliweka kipande cha zamani juu ya ukanda mpya, kuona kama weusi umelingana, na akabaki ameinama hivyo. Kwa nje kipande kilikuwa na weusi wa kahawia, mkavu, wenye nyufa. Lakini pale kilipokatika, ndani kabisa, kilikuwa na weusi mwingine, wa buluu, laini. Ulilingana kabisa, lakini na ukanda mpya. Alikinusa.

"Siki," alisema.

Wilda alinyoosha mkono akichukue; Dell akakiondoa.

"Kwa nini utie dawa mahali palipokatika?" Sauti yake ilikuwa ya chini, karibu ya upole, na Wilda alielewa sasa kwa nini Lorna aliiogopa hiyo kuliko makelele. Dell alichambua nyuzi kwa ukucha, akafika chini ambako brashi haikufika, akauona mstari. Aligeuza kichwa, akatazama kupitia mlango, kuelekea kwenye pikapu.

"Ni mimi," alisema Wilda.

"Nini?"

"Mwezi wa nne. Tandiko lilikaa kwangu siku tatu. Nilinyanyua kiti nikakata kidogo, uzito wako uendeleze, nikarudishia. Nilikuwa nimechoka kumwona mwanangu na ubao mkononi."

Dell alimtazama kana kwamba meza ndiyo iliyozungumza. "Bibi kizee wewe. Ulitaka kuniua."

"Ningetaka kukuua ningekata wa kulia."

Aliamini. Kilichomwaminisha ni kwamba mkato ulikuwa wa fundi. Alimshika Wilda kifundo cha mkono wa kulia, akaulaza ule mkono juu ya bamba la jiwe la kukatia ngozi, akachukua nyundo ya mti, akapiga. Wilda alisikia mifupa kabla ya kusikia maumivu. Akapiga tena. Mara ya tatu alikosa kwa sababu Wilda alikuwa ameanguka, naye akampiga teke la tumbo kwa mguu mzima, akayumba, akashika meza.

"Hiyo ni ya ukanda wa kushoto," alisema, akihema. "Haya, inuka."

Alimkokota nje kwa kola, tandiko likiwa begani kwake upande mwingine. Alimteremsha Jasper kutoka kwenye tela; farasi alitetemeka ngozi nzima alipoguswa, na michirizi ya mnyororo ilikuwa bado mibichi matakoni. Akamtandika. Akavuta mkanda wa tumbo. Akatia mkono kwenye pembe ya tandiko, akainua mguu wa kushoto, na hapo akasimama.

Alikitazama kikuku. Akaushusha mguu. Akafunua bawa, akapapasa ukanda juu mpaka vidole vilipokomea, na juu zaidi ya hapo hakuweza kuona.

Lorna alikuwa ameshusha kioo cha gari. Aliuona mkono wa mama yake, jinsi ulivyoning'inia na vidole kutazama kusikopaswa.

"Panda wewe," Dell alimwambia Wilda. "Utazunguka ua huu mara tatu, mbio. Kama umeacha kisu kingine humo, kikuvunje shingo mwenyewe."

"Mkono wangu, Dell."

"Una mwingine. Panda."

Alimsukumia kwa farasi. Wilda aliegemeza paji la uso kwenye tandiko, akanusa mafuta yake mwenyewe, siki yake mwenyewe. Hakuwa amepanda farasi kwa miaka sita. Akapiga moyo konde, akatia mguu, akajivuta kwa mkono wa kushoto, na uzito wake wote ukaenda kwenye ngozi ambayo alikuwa ameikata, ameisokota na kuipiga. Ililia. Ilishika. Akajikuta juu, ulimwengu ukizunguka, hatamu kwenye vidole vyake vitano vizima.

Kutoka kule juu alimwona Dell alivyo mfupi.

"Haya, mbio," alisema Dell.

Wilda alimtazama Lorna. Kisha alielekeza macho kwenye kiti cha dereva, akayaacha pale. Injini ilikuwa ikinguruma. Lorna aliuvuka mkono wa gia, akijikunja kwa maumivu ya mbavu, na Dell alisikia gia ikiingia.

"Lorna," alisema. Halafu kwa sauti, "Lorna, zima gari."

Gari liliruka mbele. Dell alilikimbilia kwa mguu wake mbovu, akashika kishikio cha mlango, akapiga kioo kwa ngumi, na Lorna alipokata kona ya ua, tela likayumba likampiga bega na kumtupa juu ya lundo la kuni. Mlango wa tela ulikuwa wazi, ukibamizwa huku na huku hadi langoni. Dell alikuwa akivuja damu puani alipoinuka, na mishono miwili ya usoni ilikuwa imefumuka.

"Shuka," alimwambia Wilda. "Nipe farasi."

Alikuja mkono mmoja mbele, akiongea taratibu kama mtu anayemsogelea mnyama. Jasper alirudi nyuma hatua moja, kisha mbili, masikio yamelala. Dell alirukia hatamu. Wilda alimgeuza farasi kwa nguvu, na bega la farasi likamkumba Dell kifuani, akaketi kwenye vumbi.

"Nitakuua, mwanamke. Wewe na yeye."

"Najua," alisema Wilda.

Akampita. Langoni alijaribu kutazama mbele tu, lakini mkono uliovunjika ulikuwa ukigonga paja kwa kila hatua, na maumivu yalimfanya ainame shingoni mwa farasi. Nyuma yake alisikia buti za Dell kwenye changarawe, moja ikikanyaga, moja ikiburuta, zikija bila haraka.

Nusu maili mbele, pale njia ya shamba inapokutana na barabara kuu, pikapu ilikuwa imesimama. Taa za nyuma zilikuwa nyekundu. Kulia ni Winnemucca, kushoto ni nyumbani kwa Dell, na Lorna hakuwa amewasha ishara ya upande wowote. Wilda alitaka kumpigia kelele aende, asimsubiri mtu, lakini pumzi haikutosha. Akashika manyoya ya shingo ya Jasper pamoja na hatamu, akambana kwa magoti, na farasi akaanza kukimbia kuzifuata zile taa, ambazo bado zilikuwa zimewaka.